Usiache redio kwanza, mdogo wangu

Juzi usiku nimepata meseji inboksi kutoka kwa binti mmoja anafanya redio hapa hapa Arusha, simtaji, ila kaniruhusu niiongelee. Anasema, "Dada shikamoo, nimekaa redioni miaka minne, nalipwa kwa stori, mwezi ujao nataka niache nianze filamu kama wewe. Nianzie wapi?" Nikacheka kwanza. Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikajikuta nimeandika mpaka kidole kinauma, nikasema basi niweke hapa maana mnaoniuliza hivyo ni wengi, na wote mnamalizia na hilo "kama wewe".

Kama mimi yupi sasa? Ngoja niwasimulie.

Mi nimeanza uandishi 2007, wa kujitegemea, stori ikitoka unalipwa, isipotoka umekula hasara ya nauli. Enzi hizo Arusha kama unajua Kiingereza kidogo kazi ilikuwepo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ile ya kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, pale AICC, kituo cha mikutano. Unakaguliwa, unapanda, unakaa nyuma ya kioo na hedfoni masikioni. Shahidi anayelindwa anawekewa pazia, humwoni, unamsikia tu, na kusikia kwenyewe unamsikia mkalimani, sauti safi kabisa ya mtu aliyekunywa chai. Siku moja nikabonyeza kitufe sicho nikaangukia kwenye chaneli ya Kinyarwanda chenyewe. Sijui Kinyarwanda hata salamu. Ila nilimsikia yule mama akivuta pumzi, akaanza neno akaliacha, kiti kikalia kwii, akaanza tena lile lile neno. Nikarudisha chaneli ya Kiingereza, mkalimani anasema shahidi anaomba dakika moja. Basi. Jioni nikaandika maneno mia tatu, mhariri akakata yakabaki mia na themanini, na ile kwii haikuwemo, na ingekuwemo vipi.

Sikujua kama nimeanza kutamani filamu siku ile. Nilijua tu kuna kitu kimenikaa.

Na nisijifanye nilikuwa mtakatifu wa kusikiliza pumzi za watu. 18 Desemba 2008 wakati Kanali Bagosora, yule mkubwa wa jeshi la Rwanda, anahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari nilikuwepo, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye simu, nani atatuma kwanza. Nikatuma, nikapongezwa, nikanunuliwa soda. Baadaye 2011 rufaa ikampunguzia hadi miaka 35, hiyo nayo nikaiandika fasta fasta. Ukiniuliza leo ule ukumbi ulikuwaje siku ya hukumu, watu walikaaje, sikumbuki hata sura moja. Nilikuwa nakimbia. Raoul Peck wa Haiti, ambaye naye alishafanya kazi ya uandishi na kupiga picha kabla hajawa mtu wa filamu, aliiweka mahakama hiyo hiyo ya Arusha kwenye filamu yake ya 2005 kuhusu Rwanda. Mi nimekaa mle miaka na miaka nikatoka na mafaili ya vipande vya magazeti.

Mahakama ikafungwa 31 Desemba 2015, na huku nyuma kesi zilikuwa zimeshapungua siku nyingi, kazi ikakauka. Nikarudi Moshi kwa mama. Hapo katikati kuna miaka miwili ya uchovu tu, siwachoshi.

Nikakopa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, milioni moja na laki nane, nikanunua Canon iliyotumika na tripodi ambayo mguu mmoja unateleza taratibu, yaani unaanza kupiga picha ya mlima unamaliza na picha ya migomba. Nikaamua filamu yangu ya kwanza iwe ya mfongo. Kwa wasio wa huku, mfongo ni ule mfereji wa asili waliochimba Wachaga, unakinga maji mtoni huko juu mlimani unayashusha mpaka vihambani, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na kila nyumba ina zamu yake, ukizidisha zamu ni ugomvi. Nikapanda Uru, huku juu ya Moshi, nikampata mzee mmoja msimamizi wa mfongo, tunamwita Meku tu. Stori nzuri au sio? Sikilizeni nilichoifanya.

Nimehoji watu kumi na moja. Meku, diwani, afisa kilimo, mwalimu mkuu, kila upande, kama vile mhariri ananisubiri. Nikipata tu ile sentensi ninayoitaka nazima kamera, asante mzee, naenda kwa mwingine. Filamu nzima dakika ishirini na sita, voisova, yaani sauti yangu ya kusimulia, imo dakika kama ishirini, naeleza, naeleza, mfongo ni nini, ulianza vipi, changamoto zake. Sauti nilirekodi na maiki ya kamera hiyo hiyo, maji yakawa yanasikika kama mtu anakaanga chipsi. Nikawaalika watu ukumbi wa parokia, nikakodi projekta. Meku akalala. Sio kusinzia, kulala, na kofia usoni. Ilipoisha bibi mmoja akanishika mkono kwa upole akaniambia, "Mwanangu, si ungetusomea tu redioni, tukasikiliza huku tunamenya ndizi?"

Nililia njia nzima mpaka stendi. Ila bibi alisema kweli. Ilikuwa habari ya redio iliyowekewa picha.

Halafu kibali. Hili waandishi ndio linatuponza zaidi kuliko wengine, kwa sababu tuna kile kitambulisho shingoni tunajiona tumeshapita. Siku ya tatu tu ya kurekodi mtendaji akatusimamisha, kibali cha filamu kiko wapi, mi natoa kitambulisho cha uandishi kwa madaha, akakiangalia akanirudishia. Sheria ya filamu ipo tangu 1976 jamani, kibali cha filamu ni Bodi ya Filamu, na ukiingia eneo la hifadhi ya mlima ni TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, nao na malipo yao. Nilipoteza siku tisa. Tafuteni kibali kabla, sirudii. (Nitarudia.)

Sasa linaloniuma mpaka leo. Wakaja wageni, kampuni ya nje, siitaji, wanataka filamu ya maji ya Kilimanjaro. Wakanichukua niwe mwenyeji wao, yule wa kutafuta watu, magari, kutafsiri. Wiki tatu. Meku niliwapa mimi. Nyumba ya kulala niliwatafutia mimi, Kichaga nimetafsiri mpaka sauti imekauka, hata swali lililomfanya Meku aongee vizuri kuliko siku zote ni swali langu, wao walikuwa wanauliza mambo ya barafu, mzee wa watu hajawahi kufika kwenye barafu. Filamu imetoka, nikakaa na mama tukaangalia mpaka mwisho, majina yakaanza kupanda, dereva yupo, aliyepika yupo, mi sipo. Mama akasema labda yanapita haraka, turudishe nyuma. Tukarudisha mara tatu. Nilijifanya naenda kuchota maji.

Kwa hiyo mdogo wangu, mkataba. Hata kwa rafiki. Hata kwa mtu wa kanisani kwenu. Jina lako litaandikwaje na futeji, zile picha mlizorekodi, ni za nani, viandikwe, na usinijibu eti "nitaonekana sina imani na watu". Onekana.

Baada ya hapo nilikaa kama mwaka nashuti harusi, sendofu, kipaimara, na niwaambie ukweli bado nashuti, ndio inayolipa kodi. Watu mnaona picha za mimi nimeshika kamera juu ya jiwe mnadhani nakula filamu. Nakula harusi za Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani. Ila harusi zilinifundisha kitu ambacho uandishi haukunifundisha, huwezi kumwambia bibi harusi rudia kulia. Unakaa, unasubiri, betri imejaa, maiki iko karibu.

Nikarudi Uru bila maswali. Nikamwambia Meku sikuhoji, nakufuata tu. Akaona nimechanganyikiwa lakini akakubali. Usiku mmoja zamu yake inaanza saa nane, tukatoka, ana jembe na tochi na koti lile refu. Tunafika anakuta maji hakuna, mtu kakinga juu na gogo la mgomba na matope, kayaelekeza kwake. Meku hakusema kitu. Akaushika ule mgomba akautoa polepole bila kupiga kelele, maji yakaanza kuja, akakaa chini kwenye ukingo akazima tochi. Dakika nne nzima nina giza na sauti ya maji tu. Halafu akacheka peke yake, akasema, "Kesho atanisalimia wa kwanza huyo."

Ndio filamu. Voisova hamna hata neno. Mwandishi wa zamani ndani yangu alikuwa ananipigia kelele, uliza ni nani, pata upande wa pili! Nikamnyamazisha. Mwaka jana imeonyeshwa kwenye tamasha, na pale anapocheka ukumbi mzima ulicheka, watu ambao hawajui mgomba unafananaje. Nisamehewe, lakini siku ile nilitembea nimenyoosha shingo kama twiga na sioni aibu.

Sasa wewe unasema unaacha mwezi ujao. Uache uende wapi? Una kazi inayokuingiza kwenye nyumba za watu na ofisi za watu na maiki mkononi, mwenzio angelipa kupata hiyo nafasi. Kaa hapo hapo redioni. Ukimaliza kuhoji, usitoke. Stori tuma, halafu kaa nusu saa nyingine, rekodi chochote, mlango, mtu anaosha vyombo. Vijana wa siku hizi mnataka kamera kubwa wakati hamjawahi kukaa na mtu mmoja masaa mawili bila kushika simu, mnaniambia shida ni vifaa, shida sio vifaa! Samahani, naanza kuhubiri, baba yangu alikuwa mwinjilisti, ni damu. Lakini maiki nunua kabla ya lenzi. Na kibali. Na mkataba.

VICOBA bado nadaiwa laki tatu na arobaini, kama unauliza. Kesho alfajiri napanda Uru, kuna msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kusafisha mfongo kabla ya mvua na Meku kasema nikija na kamera nije na panga pia. Betri ziko kwenye chaji tangu saa moja, umeme umeshakatika mara mbili.