Keki ya embe ya kunywea kahawa: namna ya kuzuia matunda yasizame

Dada yangu, umeuliza kwa nini vipande vya embe huzama chini ya keki yako na kuiacha na tabaka bichi, ilhali juu imeiva vizuri. Tatizo ni maji: embe lililoiva kupita kiasi hutoa maji mengi likipata joto, na rojo jepesi haliwezi kulibeba. Chagua embe lililoiva lakini ambalo bado ni gumu kidogo, likate vipande vidogo, uviache kwenye chujio kwa dakika 20, kisha uvigaragaze katika kijiko kimoja cha unga. Rojo lenyewe liwe zito, likichotwa kwa mwiko lidondoke kwa mabonge badala ya kutiririka.

Juu yake nyunyiza chenga za unga, sukari, mdalasini na siagi baridi, ulizozisugua kwa ncha za vidole. Hizo ndizo zinazoifanya keki hii ipendeze na kahawa. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 45 hivi, hadi kijiti ulichochomeka katikati kitoke kikavu. Ukitumia mkaa, weka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, kwa sababu sukari ya embe huungua upesi.