Ombi la mdomo halina tarehe

Ndugu mzazi wa Temeke, umeeleza kwamba uliuliza kwa mdomo, katika idara ya elimu ya halmashauri, kiasi cha ruzuku iliyopokelewa na shule ya mwanao, ukaambiwa "njoo kesho" mara tatu. Inauma, maana haki hiyo ni yako. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ofisi inatakiwa kumjibu raia ndani ya siku 30 tangu ilipopokea ombi lake la maandishi. Kwa hiyo andika barua, utaje shule, mwaka wa fedha na nyaraka unazozitaka, kisha hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa masjala wenye tarehe. Ukinyimwa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Matokeo ya watoto wengine usiyaombe, kwani ni taarifa binafsi.