Jibu: Wanachama wapya wanaapishwa, kisha wanapotea

Mkuu, umeuliza kwa nini klabu yenu ya Rotary, hicho chama cha kujitolea kusaidia jamii, inaapisha watu kila mwaka na bado mezani mnabaki wale wale. Mimi ningeanza na bili ya hoteli mnakokutania. Kijana aliyeajiriwa juzi akijumlisha ada, sahani ya chakula kila wiki na michango ya papo kwa papo, ghafla anaanza kupata "dharura" kila siku ya mkutano. Tangu 2016 kanuni za Rotary zinaruhusu klabu kukutana mara mbili tu kwa mwezi, hata mtandaoni. Chai na maandazi kwenye ukumbi wa shule vinatosha kabisa.

Halafu mgeni msimwalike mkutanoni kwanza. Akija anakuta itifaki, kumbukumbu za kikao kilichopita na faini za utani asizozielewa, nani atarudi? Mwalikeni siku ya kazi, mnapopima macho au kupanda miti. Akishaapishwa, apewe jukumu lake mwezi huo huo, hata kama ni kuandikisha wagonjwa kwenye daftari siku ya kambi ya matibabu. Akikosa, mtu mmoja ampigie simu. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp hauhesabiki.

Vijana wa Rotaract, yaani klabu za vijana chini ya Rotary, msiwalazimishe kuhamia kwenu. Ukomo wao wa umri wa miaka 30 uliondolewa mwaka 2020, kwa hiyo wanaweza kubaki huko. Fanyeni nao mradi mmoja kwanza.

Orodha ya walioacha mwaka jana unayo? Wapigie. Usiwaombe warudi, waulize tu sababu.