Maswali yenu: Nataka kuwa frilansa wa PHP ila orodha ya kujifunza haiishi

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nina mwaka na nusu najifunza PHP ya kutengeneza tovuti, Laravel (fremuweki yake) naiweza kiasi, nataka nianze kuchukua kazi mwenyewe bila kuajiriwa. Shida niliandika orodha ya vitu vya kujua kwanza, Docker, testi, sijui nini na nini, sasa kila nikimaliza kimoja naongeza viwili. Nimefika 22. Nitaanza lini?

JIBU: Mdogo wangu hiyo orodha iweke pembeni kwanza, maana umeiandika kana kwamba mteja wa kwanza atakupa mradi mpya uuanze mwenyewe toka sifuri. Wapi! Atakuja na tovuti ya miaka hiyo, iliyotengenezwa na fundi ambaye siku hizi hapokei simu, halafu atakwambia "mpaka juzi ilikuwa inafanya kazi vizuri tu". Kazi nyingi utakazoanza nazo ndo hizo, kusoma kodi ya mtu mwingine (kodi ya programu, sio ya nyumba) na kuirekebisha bila kuvunja vilivyobaki.

Mi ya kwanza ilinitia adabu. Kampuni iliyohifadhi tovuti ya mteja ilipandisha PHP toka 5.6 kwenda 7, asubuhi ukurasa mweupe pee. Chanzo chenyewe ukikijua wala sio kikubwa, zile fanksheni za kuongea na databesi, mysql_query na ndugu zake, ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 iliyotoka Desemba 2015, na tovuti nzima ilikuwa imezibeba hizo. Basi mi nikaingia kuhariri mafaili hukohuko kwenye seva, usiku, bila bakapu, nikafuta na faili lenye nywila ya databesi. Na jibu lilikuwepo muda wote kwenye logi ya makosa, mstari mmoja tu, sikuifungua.

Kwa hiyo ukipewa tovuti usiguse kitu. Angalia kwanza inatumia PHP toleo gani, na hapa wengi wanajikwaa, wanaandika php -v kwenye teminali wanaamini, kumbe PHP ya teminali na ile inayoendesha tovuti zinaweza kuwa matoleo tofauti kabisa. Weka kifaili chenye phpinfo(), kifungue kwenye brauza, soma, halafu KIFUTE, usimwachie kila mpita njia. Kisha nakili mafaili yote, databesi itoe kwa mysqldump, uirudishe kwenye kompyuta yako uone kama kweli inawaka. Weka Git, inayotunza historia ya mabadiliko, hapo hapo kabla hujabadilisha hata nukta, komiti ya kwanza (hatua ya kwanza unayohifadhi) iwe tovuti kama ulivyoikuta, siku mteja akisema "hiki umekiharibu wewe" unamfungulia anaona mwenyewe. Faili la nywila liandike kwenye .gitignore, Git isilihifadhi, kabla ya hiyo komiti, sio baada.

Kutafuta makosa, var_dump ya kuchapisha kigezo kina nini tunaipenda wote lakini jifunze Xdebug, unasimamisha programu katikati unatazama kila kigezo kina nini. Ikikataa kuunganika angalia poti, toleo la 3 linatumia 9003 na mafunzo ya zamani bado yanakwambia 9000. Composer, inayoleta maktaba za kodi za watu wengine, nayo ina mtego wake: kwenye seva ya mteja ni composer install inayofuata composer.lock (faili la matoleo kamili yaliyochaguliwa), ukiandika update unaweza kuletewa matoleo ambayo hujawahi kuyajaribu.

La mwisho, nywila za watumiaji. Utazikuta zimefichwa kwa md5 ya kizamani, utataka kuhamia password_hash ya PHP iliyo salama zaidi, vizuri, ila kolamu ya md5 mara nyingi ilitengenezwa ya herufi 32 na hashi (nywila iliyofichwa) ya bcrypt inayotoka kwenye password_hash ina 60, MySQL isiyo kali inaikata kimyakimya halafu hakuna anayeweza kuingia tena. Panua kolamu iwe 255 kwanza. Docker na wenzake utajifunza kazi ikikudai.

SWALI: Mteja alisema anataka "kafomu kadogo tu", sasa kamekuwa na ripoti, malipo na watumiaji wa ngazi tatu. Hela ni ileile. Nifanyeje dada au kaka?

JIBU: Kaka. Hako kafomu uliandika popote kwamba kana nini na hakana nini? Najua jibu. Mwandikie leo kwa upole, "tulikubaliana hivi, haya mapya ni kazi nyingine, bei yake hii na muda wake huu", na kuanzia sasa kila mkiongea kwa simu ukikata tu mtumie ujumbe wa mlichokubaliana. Na malipo ya awali chukua kabla hujafungua laptopu, atakayegoma hapo atagoma na mwishoni.

SWALI: PhpStorm au VS Code?

JIBU: Zote ni programu za kuandikia kodi. VS Code ni ya bure, iongezee Intelephense (kiongezi cha PHP) inakutosha kuanza. PhpStorm ni nzuri sana ukiwa ndani ya mradi mkubwa wa kizamani unatafuta fanksheni moja inaitwa toka wapi na wapi. Mi ninazo zote na bado kuna siku najikuta na grep, ile amri ya teminali ya kutafuta maneno kwenye mafaili.