Pedeli ya klachi ikilegea, usikimbilie spana
Hilux yangu ilianza kugoma kuingia gia ya kwanza na rivasi nikiwa kwenye foleni ya Mbauda. Pedeli laini, inashika karibu na kapeti. Fundi mmoja hapa Arusha akainama chini ya dashibodi, akalegeza nati, akazungusha rodi ya pedeli. "Tayari, kaka." Kweli, pedeli ikapanda. Nikaenda zangu Moshi, nikakunja kupanda Kibosho kwa shemeji. Katikati ya mlima injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya klachi kuungua imejaa ndani.

Rodi ilikuwa imekandamiza pistoni ya masta, ile silinda ya juu inayosukumwa na pedeli. Pale lazima ibaki nafasi kidogo. Pistoni isiporudi nyuma yote, kitundu cha kurudishia oili kwenye chupa kinabaki kimezibwa. Oili ikipata moto inatanuka, presha haina pa kutokea, na klachi inakaa kama vile umeikanyaga kidogo safari nzima.

Klachi ya oili si ya waya. Ya waya pleti ikilika unairekebisha mwenyewe. Ya oili inajirekebisha yenyewe. Kwa hiyo pedeli ikishuka, shuku kwanza oili inayovuja au upepo ulioingia. Angalia chupa. Papasa pale rodi inapoingia kwenye masta. Vidole vikirudi vimelowa, umeshampata mchawi. Kisha lala chini, funua raba ya vumbi ya silinda ndogo kwenye giaboksi. Yangu nilipoifunua, oili nyeusi kama kahawa ilinitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Nikabadilisha raba zake, nikaweka oili mpya ya breki, DOT 3, tukatoa upepo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua niple, skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ndogo, anafunga, ndipo anasema "achia". Kijana wangu aliachia mapema mara mbili, tukaanza upya mara mbili. Chupa isikauke katikati ya kazi. Oili ya injini usithubutu, raba zitavimba. Na ya breki ikidondokea bodi, mwagia maji haraka, inakula rangi.

Sasa ndiyo shika spana. Sukuma pedeli kwa kidole mpaka uhisi uzito: Toyota nyingi zinataka plei, yaani huo mwendo mtupu wa pedeli, ya milimita 5 hadi 15. Legeza nati, zungusha rodi nusu raundi, pima, kaza. Mimi niliacha kama 8. Kibosho nimeshapanda tena, na nimeshuka na mikungu minne ya ndizi za shemeji.