Nilivyobana matumizi miaka miwili kabla ya kurudi kusomea udaktari

Mdogo wangu mmoja, tabibu mwenye diploma kama nilivyokuwa mimi, kaniuliza juzi: "Kaka, nataka kurudi kusoma shahada ya udaktari, MD, niweke shilingi ngapi kwa mwezi?" Nikamwambia aanze kunihesabia magrupu ya WhatsApp ya michango aliyomo. Akacheka, akidhani natania. Alikuwa nayo tisa.

Mimi nilikuwa Morogoro, zahanati binafsi, mshahara laki tano. Chumba kimoja Kihonda, elfu arobaini kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi. MD ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi niliuomba, lakini hesabu zangu zote nilizipiga kana kwamba sitaupata. Nilijiwekea kuondoa laki mbili kila mshahara ukiingia, kabla sijanunua hata chumvi.

Miezi mitano ya mwanzo pesa niliziweka kwenye kibubu cha mbao. Usiku mmoja nilikipasua kwa mchi, nikatoa laki tatu na nusu, nikaenda kununua simu. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa nzima! Tangu hapo siamini kibubu, wala pesa iliyokaa kwenye simu, maana ukishika simu umeshika na hiyo pesa. Nikafungua akaunti UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wao uitwao Mfuko wa Ukwasi, nikaanza na laki moja. Faida si ya kukutoa kimaisha, lakini ukitaka kutoa pesa unajaza ombi na kusubiri siku kadhaa. Hizo siku ndizo zilizoniokoa. Mara mbili niliomba kutoa, na pesa ilipofika benki hamu ilishaisha, nikairudisha.

Sasa michango. Ukitoka diploma na kuajiriwa, ukoo mzima unakuita daktari, na daktari hachangii elfu kumi. Mwezi mmoja nilikuwa na harusi mbili, send-off moja na kipaimara. Ukizijumlisha ahadi zangu zilifika laki na themanini. Nikabadilisha utaratibu. Harusi natoa elfu ishirini taslimu siku nikipewa kadi, siandiki ahadi, na ukumbini siendi. Msiba sikuupunguzia kitu: natoa, naenda, nalala matangani ikibidi. Ilinigharimu. Shangazi yangu, ambaye mwanawe alikuwa anaoa, alininunia miezi minne, akasema kwa watu kwamba elimu imenitia ubahili. Sikujitetea kwenye grupu. Nilikwenda kwake siku moja kabla ya sherehe, nikaosha masufuria mpaka saa sita usiku. Bado alininunia.

Kwenye chakula nilikosea vibaya, nami hili nalisema kwa aibu maana kila siku nilikuwa nawahubiria wagonjwa mlo kamili. Nilijifanya mjanja: asubuhi chai na maandazi mawili, mchana sili, usiku ugali na mchicha. Wiki ya saba, zamu ya usiku, nikiwa namshona kijana aliyeanguka na bodaboda, nikaona giza. Muuguzi akashika sindano, mimi nikakaa sakafuni na chupa ya soda. Gharama ya kuumwa ingekula akiba ya miezi.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyenifundisha kula kwa bei nafuu. Jumamosi jioni, soko la Chifu Kingalu wakikaribia kufunga, kabeji na karoti za Mgeta bei inashuka. Maharage tulinunua kilo kumi tukagawana. Mchele uliletwa na basi kutoka nyumbani Ifakara wakati wa mavuno. Jumapili naloweka maharage tangu alfajiri, nayabandika jikoni, mkaa wa elfu moja unatosha. Naunga nusu kwa nazi na nusu nabakiza chukuchuku. Friji sikuwa nayo, kwa hiyo nilikuwa nayachemsha asubuhi na jioni yasichache. Siku ya tatu unayachoka, siku hiyo ndiyo ya dagaa na yai.

Nauli nilimaliza kwa baiskeli ya mtumba. Hakuna la kusimulia hapo, ila nunua kufuli zuri.

Jambo jingine: usikimbilie kununua vifaa vya chuo. Nilinunua kitabu kinene cha anatomia kwa elfu themanini, nikajiona nimewahi. Nilipofika, kila mtu alikuwa na nakala kwenye simu, na maktaba ilikuwa na toleo jipya zaidi. Changu kikawa cha kuegemezea laptopu. Stethoskopu, kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, ndicho chenye maana ununue kizuri, na mimi tayari nilikuwa nacho cha kazini.

Baada ya miezi ishirini na sita, pamoja na kuuza kitanda, jiko la gesi na baiskeli, nilikuwa na milioni nne na laki tisa. Niliondoa ada ya mwaka wa kwanza na bima, iliyobaki nikaigawa kwa miezi, siyo kwa mihula, kwa sababu mwezi wa nane na wa tisa chuo kimefungwa lakini tumbo halijafungwa.

Siku naondoka, shangazi alinikuta stendi ya Msamvu. Kaja na kuku wa kukaanga kwenye hotipoti. Harusi hakuigusia, nami sikuigusia. Aliniuliza tu hotipoti yake nitairudisha lini.