Mke wangu haonekani nyumbani jioni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mke wangu yuko kanisani karibu kila jioni: kwaya, maombi, vikao vya akina mama. Akirudi, watoto wameshalala. Nikilalamika hunijibu, "Mungu kwanza." Mimi si mtu wa ibada sana. Nimechoka, nawaza talaka.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Talaka usiitaje bado. Someni pamoja Marko sura ya 7. Humo Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:8, anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Maneno makali hayo! Usimrushie mkeo mkiwa mmekasirika. Kisha mwombe jioni mbili tu kwa wiki, na uzitaje siku zenyewe, watoto wakiwa bado macho. Nawe siku ya ibada fuatana naye, hata kama huimbi. Lakini je, umewahi kumuuliza anapata nini kule asichokipata kwako? Muulize, na akianza kujibu usimkatize.